Mtoto Akishindikana Tunamtafutia Pa Kumpeleka

Nairobi tuna utaratibu wetu wa mtoto aliyeshindikana na kila mtu anaujua bila kufundishwa. Kwanza anachapwa. Akiendelea anabadilishiwa shule, hiyo nayo ikimchoka anatafutiwa shule ya bweni, mbali kabisa, huko ambako inasemekana dipti, naibu wa mwalimu mkuu, ana mkono mzito na hakuna lami ya kutorokea. Bweni wakimrudisha na barua anapelekwa shags kwa nyanyake akachunge ng'ombe labda akili itamrudia. Nyanya akilemewa anarudishwa mjini, safari hii kwa mjomba Githurai juu mamake hamtaki tena kwa nyumba, na kufikia hapo ashafika miaka 15 na hakuna mtu mzima hata mmoja ambaye amekaa naye mwaka mzima bila kukatizwa. Ndio sasa familia inaitisha kikao, watu wanakunywa chai, halafu mtu anasema huyu tumejaribu kila kitu.

Hapana. Mmejaribu kitu kimoja mara nne, na hicho kitu ni kumhamisha.

Kabla sijaendelea wacha niweke wazi ninaongelea nani, manake kila mzazi mwenye kijana wa miaka 14 ataona ni wake. Kijana anayejibu vibaya, anayebamiza mlango, aliyeonja sigara nyuma ya choo cha shule, huyo atawasumbua na atapita. Ninaongelea yule ambaye kuumiza wengine na kuvunja sheria kumekuwa ndio maisha yake ya kila siku. Madaktari wa akili wanaita kondakti disoda, kwa Kiswahili wengi wanasema tatizo la mwenendo, na wana kipimo ambacho hakitegemei hasira za mama wala aibu ya ukoo. Kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, ile DSM-5 ya mwaka 2013, kina dalili 15 katika mafungu manne, yaani kuumiza watu au wanyama, kuharibu mali pamoja na kuchoma vitu makusudi, uongo na wizi, halafu kuvunja sheria kubwa kubwa kama kutoroka nyumbani usiku, au kulala nje na kukwepa shule akiwa hata hajafika miaka 13. Lazima awe na angalau tatu ndani ya miezi 12, moja iwe ya miezi 6 iliyopita, na ziwe zimevuruga maisha yake kabisa, sio mara moja alikosana na mtu. Makadirio ya kitabu hicho ni kama watoto 4 kwa kila 100, kwa hivyo kwa darasa la watoto 50 la hapa kwetu tunaongea juu ya wawili, na mwalimu wa hilo darasa anaweza kukutajia majina yao saa hii bila kufungua rejista.

Na sio kila kosa kubwa ni ugonjwa. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa Kenya nzima, na ukiwachukua wote waliokuwa kwa hizo njama utapata wengi ni watoto wa kawaida waliobebwa na kundi usiku mmoja. Hilo ni kosa, tena la hatari sana, watu wamekufa kwa mabweni yetu, lakini tatizo la mwenendo linajulikana kwa kujirudia rudia, mtoto yule yule, mahali tofauti, miezi inapita.

Kuna jambo lingine ambalo lingebadilisha sana vile tunaamua, na silisikii likiongelewa. Terrie Moffitt, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1993 kwamba watoto hawa ni makundi mawili yanayofanana ukiwaangalia wakiwa na miaka 15. Alikuwa na data ya Dunedin, New Zealand, ambako watoto karibu 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni mpaka wakawa watu wazima. Kundi kubwa huanza ujana ukianza na huacha wakishakua kidogo. Kundi dogo huanza mapema sana, kabla ya miaka 10, na hao ndio wako kwa hatari ya kuendelea mpaka ukubwani. Sasa angalia sisi tunafanya nini. Mtoto wa miaka 7 anayewasha paka mkia, anayeng'ata wenzake na kuiba pesa ya chama kwa mkoba wa mamake, tunasema ni mtundu, tena wajomba wanacheka wanasema huyu atakuwa mwanaume. Halafu yule wa 15 aliyeshikwa na msokoto kwa mara ya kwanza ndiye tunamfukuza shule. Nguvu zote tunamalizia kwa yule ambaye pengine angeacha mwenyewe, na yule wa kuhitaji msaada mapema tunamngoja akue ndio tushtuke.

Tuingie ndani ya nyumba basi, juu hapo ndipo kazi iko. Mwanasaikolojia Gerald Patterson na wenzake huko Oregon, Marekani, walienda manyumbani kwa familia zenye watoto wa aina hii, wakakaa kando na kuandika nani anasema nini na nani anajibu vipi, na walichokiona ukikileta Umoja au Kayole hakibadiliki sana. Chukua saa mbili usiku. Mama ametoka kazini Industrial Area, mvua ilinyesha nauli ikapanda, njia nyingine ametembea. Anamwambia kijana aache simu aoshe vyombo. Kijana anajifanya hajaskia. Mama anarudia, sauti imepanda. Kijana naye anapandisha yake, kwani mimi ndio mfanyakazi wa hii nyumba. Maneno mabaya yanatoka, stuli inapigwa teke, jirani amepunguza TV asikize vizuri. Mama amechoka, anasema wacha basi nitaosha mwenyewe. Kelele inaisha hapo hapo.

Ukiangalia haraka utasema kijana ameshinda. Lakini wote wawili wamelipwa. Kijana amejifunza kwamba teke la stuli linaondoa vyombo, na mama amejifunza kwamba akinyamaza nyumba inatulia, kwa hivyo kesho wote watarudia, ila kesho itabidi kijana aanze na sauti ya juu zaidi. Siku nyingine mama ana nguvu, anachukua mwiko au mshipi na vyombo vinaoshwa, na hapo pia kijana amesoma kitu, kwamba humu ndani anayeumiza zaidi ndiye anayepata. Vile ambavyo hajui leo itakuwa ni mama wa kunyamaza au mama wa mshipi ndio inamshikilia zaidi, sawa na mtu wa beti, akishinda mara moja kwa kumi haachi kucheza.

Ndio maana sijali sana ule mjadala wetu wa malezi makali na malezi laini ambao hurudi mitandaoni kila baada ya video fulani kusambaa. Nyumba nyingi za hawa watoto hazina ukali kidogo wala ukali mwingi, zina ukali unaokuja na kwenda kulingana na uchovu wa mtu mzima. Baba anarudi wikendi anachapa kwa makosa ya Jumanne. Dada wa kazi amekatazwa kumgusa. Shangazi anampa pesa kisiri juu anamhurumia.

Na kiboko tumekitumia vya kutosha kujua kinafanya nini. Shuleni kilipigwa marufuku 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia, lakini sote tunajua kinachoendelea. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2019 ulipata zaidi ya nusu ya wanaume wa miaka 18 mpaka 24, na karibu nusu ya wanawake wa umri huo, walipitia ukatili wa aina fulani wakiwa watoto. Mtoto mwenye tatizo la mwenendo mara nyingi ndiye alichapwa kuliko wote nyumbani na ndiye habadiliki. Wengi wao adhabu haiwashiki vile inawashika wengine, lakini zawadi inawashika sana, hata ndogo. Pia wakizoea kupigwa wanaanza kuona vita mahali hakuna. Mwanasaikolojia Kenneth Dodge alionyesha hili tangu 1980, kwamba mtoto mkali akigongwa na mwenzake kwa foleni na haijulikani kama ni bahati mbaya, yeye ataamua ni makusudi na arudishe. Kwa macho yake yeye hajaanza vita, amejitetea tu. Ukimchapa kwa hilo umemthibitishia kwamba dunia iko hivyo alivyodhani.

Hapa naomba nitoke nje ya nyumba kidogo juu mzazi sio kila kitu, na mimi hunikera sana mtu akitupia akina mama lawama zote. Kuna watoto wanazaliwa na damu moto, hiyo ya kurithi ipo. Kuna wenye ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, ambayo haijawahi kutambuliwa. Kuna ambao hawajui kusoma mpaka Gredi 7 na wanaficha kwa kufanya fujo ndio watolewe nje ya darasa kabla zamu yao haijafika. Halafu kuna mambo ya hewa na udongo. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambao ofisi zao ziko hapa hapa Gigiri, walitoa ripoti ya jaa la taka la Dandora, walipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa cha hatari. Risasi kwa damu ya mtoto inahusishwa na kushuka kwa akili ya darasani na pia ukorofi wa aina hii hii tunayoongelea. Siwezi kukwambia mtoto fulani wa Dandora anaiba kwa sababu ya jaa, hakuna daktari anaweza, lakini nikisikia mtu anasema watoto wa upande ule wamelaaniwa huwa nauliza kama amesoma hiyo ripoti.

Turudi kwa kuhamisha. Ukimpeleka kwa bweni la vijana ambao wengi wao pia walipelekwa kunyooshwa, umemwandikisha chuo cha ukorofi. Watafiti Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin waliandika 1999 kuhusu programu za kusaidia vijana wakorofi ambazo ziliwaweka pamoja, na baadhi yao zilizidisha tatizo. Sababu ilikuwa rahisi tu, kijana akisimulia alivyoiba wenzake wanacheka, na kicheko cha wenzako ukiwa na miaka 14 ni malipo makubwa kuliko hotuba yoyote ya mlezi. Shags ni tofauti kidogo, nikiri, kuna watoto walinyooka kwa nyanya kweli, ila ukichunguza utapata nyanya mwenyewe habadiliki badiliki, saa ya kulala ni ile ile, na anajua mtoto yuko wapi saa yoyote. Na bado kuna shida, akirudi Nairobi anarudi kwa mama yule yule, vyombo vile vile, stuli ile ile. Huko Oregon walikuja na mpango wa kuwahamisha watoto sugu zaidi, lakini wanampeleka kwa familia moja iliyofunzwa, mtoto mmoja kwa nyumba, na wakati huo huo wazazi wake wa kumzaa wanafundishwa ndio akirudi akute watu wamebadilika. Sisi tunafanya nusu ya kwanza, tena vibaya, halafu tunangojea matokeo ya yote mawili.

Kutisha nako kumepimwa. Najua wazazi wanaompeleka mtoto kituo cha polisi na kumwomba afande amlaze seli usiku mmoja aone. Wamarekani walifanya hii kwa utaratibu kabisa, gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, vijana wanaingizwa ndani wafungwa wa maisha wanawapigia kelele usoni. Watu walishangilia. Baadaye watafiti wakakusanya majaribio ambayo vijana waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa gerezani wengine wakaachwa, na wale waliotishwa ndio walifanya makosa zaidi.

Sasa kinachosaidia kinachosha hata kukisoma, na nadhani hiyo ndio sababu hakuna mtu anakipenda. Kwa watoto wadogo tiba yenye ushahidi mwingi zaidi ni mafunzo ya mzazi, wiki baada ya wiki, na mtoto mwenyewe mara nyingi hata hayuko kwa chumba. Mzazi anafundishwa kutoa amri moja, kwa sauti ya kawaida, akiwa karibu na mtoto na sio kutoka jikoni, halafu angoje. Mtoto akitii anasifiwa hapo hapo, kwa kitu chenyewe alichofanya, hata kama ulitarajia afanye bila kusifiwa. Akikataa kuna adhabu ndogo na ya haraka na inayojulikana mapema, simu jioni hii tu, sio ile ya hutaiona mpaka Krismasi ambayo kesho kutwa utaivunja mwenyewe juu unataka kumpigia. Kila siku dakika kumi au kumi na tano za kukaa naye bila mawaidha, bila kuuliza habari ya shule, mfanye anachopenda yeye. Hii ya mwisho ndio wazazi wengi hupinga, wanasema nitamchekea vipi mtu ameiba pesa ya kodi. Nawaelewa. Lakini mtoto ambaye neno lolote anapata kwako ni la lawama hana kitu cha kupoteza akikukosea tena, na adhabu haifanyi kazi kwa mtu asiye na cha kupoteza.

Kwa kijana mkubwa kuna nyongeza, kujua yuko wapi, na nani, anarudi saa ngapi, na Nairobi hii huwezi kujua peke yako ukiwa kazini mpaka usiku. Hapa ndio mama mboga, mlinzi wa ploti na vijana wa stendi ya boda wanaingia, sio kumchapa wala kumpiga picha za kuweka kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, ni kukupigia tu kusema amepita. Shuleni tafuta mwalimu mmoja, sio wafanyakazi wote, akubali kujaza kadi ndogo ya kila siku, mambo matatu tu, amefika kwa wakati, hajapigana, ameandika kazi, na kadi hiyo ndio inafungua simu jioni. Nyumbani wote wanaomlea wakae chini wakubaliane sheria chache, pamoja na shangazi wa pesa za kisiri. Na kama kuna wadogo zake anawaumiza, au kuna kisu, au kuna mambo ya kuingilia watoto wengine kimwili, hiyo usiifiche kwa ajili ya jina la familia, watoto wengine wanalindwa kwanza.

Utaniuliza nani ana huo muda. Swali la haki kabisa, na jibu ni kwamba mzazi peke yake hana. Huko walikofanikiwa na vijana wagumu, kwa ile tiba inayoitwa MST, mtaalamu mmoja anakuwa na familia nne mpaka sita peke yake, anakuja nyumbani, anapigiwa hata usiku, kwa miezi mitatu mpaka mitano. Sisi hatuna wataalamu wa kutosha wa kufanya hivyo. Lakini Afrika Kusini, mkoa wa Eastern Cape, familia 552 zenye vijana ziliingizwa kwa jaribio la mafunzo ya vikao 14 yaliyoendeshwa na watu wa kawaida wa jamii waliofunzwa, matokeo yakatoka 2018, na vipigo vilipungua, pombe na madawa zilipungua kwa wazazi na kwa vijana pia. Hayakumaliza kila kitu, na siyauzi kama muujiza. Ila vitabu vyake vinapatikana bure kupitia WHO na UNICEF, na kila kanisa na msikiti hapa Eastlands una ukumbi unaokaa mtupu katikati ya wiki. Pesa tunazomlipia mtoto bweni la kunyooshwa kila muhula zingegharamia vikao vya mtaa mzima, na sijasikia mwakilishi wadi hata mmoja akiomba bajeti ya hilo.

Dawa hazina mengi. Hakuna tembe ya kondakti disoda. Kama ADHD ipo itibiwe, kama huzuni ipo itibiwe, na risperidoni wakati mwingine hutumika kwa muda mfupi kwa ukali uliopitiliza chini ya daktari. Kliniki za watoto na vijana zipo hospitali za Mathari na Kenyatta, na ukitaka mtu wa kuongea naye kwanza piga 116, namba ya bure ya watoto, wazazi pia hupiga. Mtajie daktari kila kitu, hata kichwa kilichogongwa akiwa mdogo, hata alivyoanza kusoma. Na wasichana msiwasahau, wao hawapigani sana hivyo tunakosa kuona, unakuta ni uongo, kutoroka siku tatu, wizi wa dukani, mwanaume mkubwa mahali fulani, na mtaa unamwita malaya badala ya kumpeleka kuonwa.

Halafu kuna ile simu ya polisi, manake kwa baadhi itapigwa tu. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 mpaka 12, na aliye chini ya miaka 14 anachukuliwa kuwa hajui kutofautisha zuri na baya mpaka mahakama ithibitishe anajua. Sheria hiyo pia inaruhusu kesi yake iepushwe mahakama, akubali kosa, alipe au aombe msamaha, awekwe chini ya uangalizi. Katiba inasema mtoto asiwekwe ndani ila kama hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na akitenganishwa na watu wazima. Kwa hivyo ukifika kituoni usianze kwa kumpiga kofi mbele ya OCS, mkuu wa kituo, kuonyesha wewe ni mzazi mwenye nidhamu. Beba cheti cha kuzaliwa, uliza yuko seli gani na nani, omba aitwe afisa wa watoto, na asihojiwe wewe ukiwa nje. Kama ana karatasi ya kliniki yoyote, ibebe pia, na uombe nakala yake iwekwe kwa faili.